Jean-Jacques Rousseau: maswali yanayoulizwa mara kwa mara, na majibu bila kuremba

Huyu Rousseau ni nani hasa?

Mwandishi, mwanamuziki, mwanafalsafa, na bingwa wa kununa. Kazaliwa Geneva tarehe 28 Juni 1712, kafia Ermenonville nje kidogo ya Paris tarehe 2 Julai 1778, ana miaka 66. Hapo katikati kaishi kama watu watano: mwanagenzi wa fundi nakshi, boi wa nyumba za wakubwa kule Turin, mwalimu wa muziki ambaye muziki wenyewe alikuwa bado haujui (hii kweli, alijitangaza hivyo Lausanne na jina la uongo juu, akaandaa na konseti, watu wakaziba masikio), karani wa balozi wa Ufaransa Venice, ndo baadaye kabisa akawa yule mtu ambaye vitabu vyake serikali zinavitia moto.

Ukiniuliza mimi, maisha yake na mawazo yake yote yana uzi mmoja tu: jamaa hakutaka kuwa chini ya mkono wa mtu. Kula cha mtu kwake ilikuwa ni kufungwa kamba. Shika hilo halafu endelea kusoma.

Ni Mfaransa au Mswisi?

Wala. Geneva enzi hizo ilikuwa jamhuri yake yenyewe, imekuja kuingia Uswisi mwaka 1815, yeye keshakufa siku nyingi. Alijivunia sana kwao, kwenye majalada ya vitabu anajiandika "Raia wa Geneva". Uraia wenyewe aliupoteza alipobadili dini kuwa Mkatoliki akiwa kijana, akaurudisha 1754, halafu 1763 akaukana kwa hasira maana mji wake ulishachoma vitabu vyake.

Alisoma chuo gani?

Hamna. Mama yake alifariki siku chache tu baada ya kumzaa, akabaki na baba yake Isaac, fundi saa. Usiku baada ya chakula baba na mtoto wanasoma riwaya alizoacha marehemu, mmoja akichoka mwingine anapokea, mpaka wanasikia mbayuwayu wanalia alfajiri ndo mzee anaona haya anasema twende tukalale, mi mtoto kuliko wewe. Riwaya zikaisha wakahamia kwa Plutarch, mwandishi wa kale wa Kigiriki, na mashujaa wa Roma. Hiyo ndo shule. Mwaka 1722 mzee akagombana na mtu, akakimbia mji asifungwe, mtoto akabaki kwa ndugu.

Baadaye akapelekwa kwa fundi nakshi ajifunze kazi, na fundi alikuwa anampiga vibaya. Jumapili moja ya Machi 1728 alikuwa ametoka nje ya mji kutembea na wenzake, kurudi wanakuta malango yanafungwa. Alishafungiwa nje mara mbili kabla ya hapo na mara zote mbili alikula kipigo, sasa hii ya tatu akaona bora asirudi kabisa. Hajafika hata miaka 16, hana kitu mfukoni, akaondoka hivyohivyo. Daraja linainuliwa mbele ya macho yako unabadilika maisha. Mi kila nikifika hapo nasimama kidogo.

Madame de Warens alikuwa mke wake?

Hapana. Alikuwa mama mmoja wa Annecy, Mkatoliki mpya, anayepokea vijana waliotoka Uprotestanti. Rousseau alimwita Mama, yeye akamwita Mdogo, na baadaye wakawa wapenzi, ndiyo, ni kama ulivyosikia. Kwake ndo alipopata muda wa kusoma vitabu kwa mpango, akajifundisha Kilatini, muziki, hesabu. Ni ukarimu mkubwa alipata pale, na nadhani ndo pale alipojua pia bei ya ukarimu.

Ile stori ya utepe ni ya kweli?

Kaisimulia mwenyewe kwenye Maungamo, kitabu cha maisha yake. Akiwa boi Turin, bibi mwenye nyumba akafariki, vitu vikahesabiwa, kuna utepe mmoja wa pinki umechakaa haupo. Ukakutwa kwake. Akaulizwa umetoa wapi, akasema kapewa na Marion, binti aliyekuwa anapika pale. Marion akaitwa mbele ya watu wote, akamwangalia tu, akalia, akasema we Rousseau nilidhani ni mtu mwema. Wote wawili wakafukuzwa kazi. Yeye akaja kuandika kwamba aliubeba mzigo huo miaka 40 na hakuwahi kumwambia mtu yeyote waziwazi, na kwamba hata hayo Maungamo kayaandika kwa sehemu ili autue.

Angalia lakini: hakumsingizia kwa chuki, alikuwa anampenda, jina lake ndo lililokuwa karibu mdomoni. Aliona aibu mbele ya macho ya watu. Hayo "macho ya watu" yatarudi.

Umaarufu ulianzaje?

Alifika Paris 1742 na mradi wa kuandika muziki kwa namba badala ya alama za kawaida. Sisi wa kwaya tunasoma kwa herufi d r m, yeye alitaka 1 2 3. Rameau, mwanamuziki mkubwa wa wakati ule, akamwambia: namba zako safi ila zinataka akili ipige hesabu kila noti, alama za kawaida jicho linaona umbo la wimbo mara moja. Rousseau mwenyewe akakubali kwamba hapo hana jibu.

Mambo yakaja kufunguka 1749. Rafiki yake Diderot alikuwa kafungwa kwenye ngome ya Vincennes kwa sababu ya maandishi yake, Rousseau anakwenda kumtembelea kwa miguu, jua kali, hela ya gari hana. Njiani anasoma gazeti, akakuta Akademia ya Dijon imetangaza shindano la insha, swali: je, kufufuka kwa sayansi na sanaa kumeitakasa tabia ya watu? Anasema alipigwa na kizunguzungu akakaa chini ya mti nusu saa, anainuka anakuta kizibao chake mbele kimelowa machozi na hakujua kama alilia. Akaandika kujibu hapana, hazijaitakasa, zimeiharibu. Akashinda, 1750, na ghafla Paris nzima inamjua.

Kwa hiyo alipinga elimu? Mbona yeye mwenyewe ni msomi?

Waliompinga walimuuliza hivyohivyo. Alichosema siyo kwamba kitabu ni kibaya, alisema watu wamejifunza adabu za nje ili wapendeze, kila mtu amevaa sura siyo yake, unaishi kwenye maoni ya wenzako. Leo mtu anapiga picha ya chakula kabla hajala, sa sijui Rousseau angesemaje.

Alikuwa anaishi kwa kazi gani?

Kukopi muziki kwa mkono, analipwa kwa ukurasa. Baada ya ushindi wa Dijon watu wanadhani sasa atachukua vyeo, yeye akafanya kinyume: akavua mapambo ya dhahabu na soksi nyeupe, akaacha kubeba upanga, akauza saa yake, akamshukuru Mungu kwamba hatakuwa tena na haja ya kujua ni saa ngapi. Mtoto wa fundi saa huyo. Kilichobaki ni mashati ya kitani nzuri ya kutoka Venice, 42, alishindwa kuachana nayo. Siku ya mkesha wa Krismasi yalikuwa yameanikwa darini, mwizi akavunja akabeba yote! Akasema basi, na hilo nalo limenitoka.

Oktoba 1752 opera yake ndogo ilichezwa mbele ya Mfalme Louis XV, Fontainebleau. Rousseau kaenda na ndevu hazijanyolewa. Mfalme kaipenda mpaka kesho yake anaimba kutwa nzima, kwa sauti mbovu kuliko zote katika ufalme wake, na akataka mtunzi aletwe apewe pensheni. Rousseau akapanda gari asubuhi akaondoka! Diderot alimgombeza sana, si kwa kumkimbia mfalme, ila kwa hiyo pensheni, kwamba una mwanamke na mama mkwe wa kulisha. Sababu zake zilikuwa mbili: alikuwa na ugonjwa wa kibofu, akaogopa kushikwa na mkojo katikati ya watu wa ikulu, na ya pili ni kwamba ukishapokea hela ya mfalme, kweli utaisemaje?

Ni kweli alitelekeza watoto watano?

Kweli. Hapa hamna kuzunguka.

Mwenza wake alikuwa Thérèse Levasseur, dada aliyekuwa anafua na kushona nguo kwenye hoteli aliyopanga Paris, wakajuana 1745. Wakapata watoto watano, na kila alipozaliwa mmoja akapelekwa kwenye hospitali ya watoto waliookotwa. Thérèse hakutaka, alilia, mama yake na Rousseau wakamlainisha. Wa kwanza aliwekewa kadi yenye alama kwenye nguo, waliofuata hata hiyo hakuna. Miaka baadaye mke wa Duke wa Luxembourg alijaribu kumtafuta huyo wa kwanza, hakupatikana. Na ujue hospitali ile watoto wengi walikuwa hawamalizi hata mwaka.

Utetezi wake ulibadilikabadilika: sina hela, Paris wengi wanafanya hivyo, wangelelewa na ukoo wa Thérèse wangeharibika, wataishia kuwa mafundi na wakulima ambayo ni bora kuliko kuwa kama mimi. Mi naona zote ni sababu za mtu anayetafuta sababu. Mtu ambaye hataki kumtegemea yeyote akashindwa kabisa kuvumilia watu wa kumtegemea yeye, na akawatupa kwenye utegemezi mbaya kuliko wote. Ndani ya Émile, kitabu chake cha malezi, anasema asiyeweza kutimiza wajibu wa baba hana haki ya kuwa baba, na si umaskini wala kazi wala macho ya watu yanayomsamehe, na atalia machozi ya uchungu. Alijua anamwandika nani.

Sasa mtu kama huyo anatufundisha nini kuhusu watoto?

Swali zuri na usiliache. Ila kitabu chenyewe (1762) kimebadilisha mambo: mtoto siyo mtu mzima mdogo, kila umri una akili yake, usimfunge nepi za kumkaza, mama anyonyeshe mwenyewe, usimkaririshe asichokielewa. Akivunja dirisha la chumba chake usimhubirie, mwache baridi limpige. Somo litoke kwenye vitu, lisitoke kwenye hasira za mtu. Uzi ni uleule: mtoto ategemee vitu, asitegemee amri ya mtu. Inasimuliwa kwamba Kant, mwanafalsafa Mjerumani ambaye majirani walikuwa wanarekebisha saa kwa matembezi yake, aliacha kutembea siku hizo kwa sababu ya hicho kitabu.

Alisema turudi porini?

Hakusema. Na lile neno la "mshenzi mwema" halimo kwenye vitabu vyake, halafu ndo linalotajwa kuliko yote. Kwenye insha yake ya 1755 kuhusu chanzo cha kutokuwa sawa kwa watu, alichosema ni kwamba binadamu wa mwanzo hakuwa mwema wala mbaya, alikuwa anaishi tu. Ubaya ukaanza watu walipoanza kujilinganisha. Na yule wa kwanza aliyezungushia kiwanja uzio akasema hiki changu, akapata watu wajinga wa kumwamini, huyo ndo mwanzilishi wa jamii tunayoijua. Anayefuatilia migogoro ya ardhi hapo hahitaji tafsiri.

Mkataba wa Jamii unasema nini, kwa lugha nyepesi?

Unaanza hivi: mtu kazaliwa huru na kila mahali yuko kwenye minyororo. Watu wengi wanaishia hapo wanadhani kitabu kinataka kuikata hiyo minyororo. Hapana, kinauliza minyororo ya namna gani ni halali.

Chukua mtaa wa kaya 20 wanataka kuchimba kisima. Kila mmoja anataka kiwe mlangoni kwake. Ukijumlisha hizo tamaa 20 umepata matakwa ya wote, yaani ugomvi. Lakini kuna swali lingine: kisima kikae wapi kitufae sote tunaochota? Jibu la hilo ndo anaita utashi wa umma. Kila mtu anapiga kura kama mwenye kisima na siyo kama mwenye mlango, na sheria ikitoka hapo basi ukiitii unajitii mwenyewe. Unajitoa kwa wote, kwa hiyo hujajitoa kwa mtu yeyote. Umeuona ule uzi?

Pabaya panakuja kwa yule anayechota maji na mchango hatoi. Rousseau anasema atalazimishwa kuwa huru. Kwa kisima naelewa. Kwa nchi nzima, na kuna mtu amesimama jukwaani anasema utashi wa umma naujua mimi, hapo ndo wengi wanaogopa, na Robespierre, yule kiongozi wa Mapinduzi ya Ufaransa aliyetawala kwa vitisho, alikuwa msomaji wake mkubwa. Lawama yote siwezi kumpa marehemu, alishasema utashi wa umma hauwakilishwi na mtu, lakini kufuli alilitengeneza legevu.

Kuhusu wabunge hakuwa na maneno mengi: Waingereza wanajiona wako huru, wanajidanganya, wako huru siku ya kuchagua bunge tu, wakishachagua ni watumwa.

Aliongelea utumwa wa Waafrika?

Sehemu ya kwanza ya Mkataba ina sura nzima kuonyesha kwamba maneno "utumwa" na "haki" yanakanushana, mtu hawezi kujiuza na hata akijiuza hawezi kuuza watoto wake. Hoja kali. Ila wakati anaandika, meli za Ufaransa zinabeba watu kutoka Afrika kila mwaka kwenda kwenye mashamba ya miwa ya Saint-Domingue (Haiti ya leo), na kuna sheria ya kifalme ya 1685 inayopanga namna ya kuwamiliki, na kwenye sura hiyo haipo hata kwa jina. Minyororo yake mingi ni ya mfano, ile ya chuma ilikuwa bandarini Nantes. Hilo ni deni na mi simlipii.

Na wanawake?

Sura ya mwisho ya Émile inamlea Sophie ili ampendeze mume. Mtu aliyepigania kila kiumbe asiwe chini ya mwingine, nusu nzima ya watu akawaacha chini. Mary Wollstonecraft, mwandishi Mwingereza mtetezi wa haki za wanawake, alimjibu 1792, na alimjibu vizuri kwa sababu alikuwa kamsoma kwa mapenzi.

Kwanini alimchukia Voltaire, yule mwandishi mwingine mkubwa wa Ufaransa?

Walianza kwa heshima. Alipopelekewa ile insha ya 1755, Voltaire akajibu kwamba akiisoma anatamani kutembea kwa miguu minne, ila keshapoteza mazoea zaidi ya miaka 60. Mwaka huohuo Novemba tetemeko likaangusha Lisbon, Voltaire akaandika shairi la kumuuliza Mungu, Rousseau akamwandikia: siyo maumbile yaliyokusanya pale nyumba elfu 20 za ghorofa sita, saba. Jibu hilo mpaka leo wataalamu wa majanga wanalinukuu.

Baadaye wakagombana juu ya ukumbi wa tamthilia Geneva, na mwisho wa 1764 kikatoka kijitabu bila jina la mwandishi kikianika habari za watoto kwa dunia nzima. Aliyeandika ni Voltaire. Rousseau akamshuku mchungaji mmoja wa watu asiyehusika.

Hume, yule mwanafalsafa wa Scotland, naye alimkosea nini?

Ukweli? Karibu hakuna. Juni 1762 mahakama kuu ya Paris iliamuru Émile ichomwe na mwandishi akamatwe, kwa sababu ya sehemu inayoongelea dini. Akakimbia, akaishia kijiji cha Môtiers, huko usiku mmoja wa Septemba 1765 wakampiga nyumba mawe, akakimbia tena. David Hume akampeleka Uingereza Januari 1766, akamtafutia nyumba, akamhangaikia pensheni ya Mfalme George III. Katikati ya hayo mtu mwingine akatunga barua ya kejeli kwa jina la mfalme wa Prussia, ikachapwa magazetini, Rousseau akaamini Hume yumo. Akaandika barua ndefu ya mashtaka, Hume akaogopa akachapisha yote. Unaona lakini kilichomwasha: nyumba ya mtu, mkate wa mtu, pensheni. Alikuwa na deni la wema, na hilo hakuliweza.

Alikuwa chizi?

Alikuwa na hofu ya kuandamwa, na kweli alikuwa anaandamwa, vyote viwili. Februari 1776 alikwenda na maandishi yake ya kujitetea kuyaweka kwenye altare ya Notre-Dame, akakuta geti limefungwa, akaona hata Mungu kamfungia. Geti tena, kama utotoni. Baada ya hapo akawa anagawa vikaratasi barabarani kwa Mfaransa yeyote apendaye haki, watu wakikisoma wanasema mi siyo huyo, wanarudisha. Anasema alicheka.

Ni Marie Antoinette, malkia wa Ufaransa, aliyesema maskini wasio na mkate wale keki?

Maneno hayo yako kwa Rousseau, ameyapachika kwa "binti mfalme mmoja", na alisema mkate wa siagi siyo keki. Alipoyaandika Marie Antoinette alikuwa bado mtoto kwao Austria.

Kaburi lake liko wapi?

Kwanza kisiwa kidogo cha mipopla Ermenonville, halafu Oktoba 1794 wakamhamishia Panthéon, Paris, wakamweka mkabala na Voltaire. Wanatazamana mpaka leo. Kwa sababu kulikuwa na uvumi alijiua kwa risasi, mwaka 1897 walilifungua wakakuta fuvu zima.

Thérèse je?

Aliishi naye miaka 33, Rousseau alijaribu kumfundisha kusoma saa akashindwa. Walifunga ndoa ya aina yake 1768, mashahidi wawili na hotuba ya bwana harusi. Baada ya kifo cha mzee akaishi na mtumishi mmoja wa pale Ermenonville, wanaompenda Rousseau wakamsema sana. Serikali ya mapinduzi ikampa pensheni kwa heshima ya marehemu. Akaipokea. Alifariki 1801.